Gemu umelipia, lakini si yako

Mtu wa Wawi akikodi mikarafuu ya jirani kwa msimu, kila mmoja anajua alichopata. Atachuma, ataanika, atapeleka karafuu ZSTC na fedha ni zake. Miti inabaki ya mwenyewe, na hakuna anayesema ameinunua.

Kwenye gemu za kompyuta mambo hayasemwi wazi hivyo. Kijana anabonyeza "nunua", fedha zinakatwa, na anachopewa ni ruhusa ya kucheza tu. Steam, duka kubwa la gemu la kampuni ya Valve ya Marekani, lilianza kumwambia hivyo mnunuzi kabla hajalipa mwezi Oktoba 2024, muda mfupi baada ya jimbo la California kupitisha sheria ya kuwabana wauzaji waseme ukweli.

Hasara yake imeshaonekana. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, ilitoka 2014. Ilihitaji intaneti hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilipozimwa mwisho wa Machi 2024, gemu ikafa, hata kwa aliyekuwa na diski yake mkononi. Hasira hizo zilizaa kampeni ya Stop Killing Games, na 2025 saini zilizokusanywa Ulaya zilivuka milioni 1.

Pemba kuna tatizo jengine, la ndani ya ukoo. Mara nyingi mwenye kadi ya benki ni ami aliye Muscat. Anafungua akaunti kwa barua pepe na namba yake, analipa, mtoto wa kaka yake anacheza. Kwa duka, mteja ni ami. Siku akibadilisha namba, mtoto anaombwa msimbo ambao hana pa kuupata. Na ami akifariki, warithi watagawana shamba na nyumba, lakini akaunti haimo: masharti ya Steam hayaruhusu kuihamishia kwa mtu mwingine, hata kwa wasia.

Ni afadhali ami atume fedha, na akaunti ifunguliwe hapa nyumbani. Steam haimpokei aliye chini ya miaka 13, kwa hiyo mdogo asidanganye umri.

Gemu ikigoma kwenye laptopu ya zamani, fedha zinaweza kudaiwa ndani ya siku 14, alimradi haijachezwa saa 2. Bando lililoliwa kuipakua, hilo halirudi.

Duka la GOG la Poland linamruhusu mnunuzi kupakua faili la kusakinishia na kuliweka kwenye diski yake. Hata huko ni ruhusa, lakini faili likishakuwa kabatini hakuna wa kulizima kutoka mbali. Kwa mzazi anayelipa mara moja kwa mwaka, hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

Za kuogopwa ni akaunti zinazouzwa rahisi WhatsApp. Aliyeifungua anaweza kuidai tena kwa barua pepe yake ya mwanzo, na kwa kuwa masharti yanakataza kuuziana, duka halitamsaidia mnunuzi. Muuzaji akiwa yupo Zanzibar, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Ujumbe wa muamala wa simu usifutwe kabla ya hapo.