Mpaka wa 1947 Ulianzia kwenye Daftari la Kura

Cyril Radcliffe, mwanasheria wa London, hakuwahi kukanyaga India hadi Julai 8, 1947. Waingereza walipokuwa wakijiandaa kuondoka, alipewa wiki tano tu ayagawe majimbo ya Punjab na Bengal: penye Waislamu wengi pawe Pakistan, pengine pabaki India. Masikh, ndio tunaowaita Makalasinga, waliokuwa wametapakaa Punjab nzima, wakapasuliwa katikati. Mstari wake ulitangazwa Agosti 17, siku mbili baada ya bendera ya India kupandishwa. Wapo walioshangilia uhuru huku hawajui wamelala nchi gani.

Lawama humwangukia yeye, pamoja na Mountbatten, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza huko India, aliyeharakisha uhuru kutoka Juni 1948 hadi Agosti 1947. Wanazistahili. Lakini mimi niliyefundisha historia sekondari nasema mpaka ule ulianza kuchorwa 1909, Waingereza walipowatengea Waislamu wa India viti vyao na wapiga kura wao. Tangu hapo Mwislamu alimchagua Mwislamu mwenzake, na mwanasiasa wa Kihindu hakuwa tena na haja ya kura ya jirani yake Mwislamu. Asiyehitaji kura yako atakutetea kwa lipi? Njia rahisi ya kumshinda mpinzani wa dini yako ikawa ni kuwatisha watu zaidi yake kuhusu dini ya pili. Katika uchaguzi wa 1946 chama cha Muslim League kilizoa viti vingi mno vya Waislamu. Agosti mwaka huohuo jiji la Calcutta likalipuka kwa ghasia za Wahindu na Waislamu, maelfu wakauawa.

Yaliyofuata nilisimuliwa Kisumu na mzee mmoja Kalasinga, fundi wa magari, aliyekuwa mwenye nyumba wangu. Alikuwa na miaka saba familia yake ilipotoka wilaya ya Lyallpur, iliyoangukia Pakistan, kwa miguu, katika msafara wa mikokoteni ya maksai, mvua ikiwa imegeuza njia kuwa matope. Baba yake aliwakataza kugusa maji ya visima vya njiani hata kiu iwaue, kwa kuwa mle visimani mlikuwa na watu. Walikamua kilemba kilicholowa mvua, wakanywa maji yake. Mkokoteni uliombeba bibi yake ulivunjika gurudumu na hakuna aliyeweza kumbeba mgongoni. Hapo mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama gari langu bado linavuja oili. Sikumwuliza tena habari ya bibi.

Aliniambia pia kwamba kabla ya safari walifichwa kwenye ghala la makapi ya ngano, na waliowaficha na kuwaletea chakula usiku walikuwa Waislamu wa kijiji kilekile.

Waislamu waliokimbia kutoka Amritsar, India, kwenda Lahore, Pakistan, walipitia hayohayo kwa upande wao. Treni zilifika stesheni zimejaa maiti, pande zote mbili. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama. Waliokufa hukadiriwa kuwa laki 2 hadi milioni 2, na wanawake waliotekwa hukadiriwa kuwa 75,000. Na Pakistan, nchi iliyojengwa juu ya dini moja, haikudumu nzima hata miaka 25: mwaka 1971 Wabengali wa upande wake wa mashariki, wengi wao Waislamu vilevile, walijitenga baada ya jeshi la Pakistan kuwachinja, ikazaliwa Bangladesh.

Haya si ya Asia peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni hapa Kenya iliwagawa wapiga kura wa Kiasia: Waislamu kwao, wengine kwao. Watu walioishi mtaa mmoja na kufanya biashara pamoja wakatengwa kwenye karatasi kwa ugomvi uliokuwa ng'ambo ya bahari.

Ndiyo maana hunikera redio zinapotangaza nani ana "kura za Waislamu" na nani ana "kura za makanisa", kana kwamba daftari lile limerudi bila sheria yoyote kupitishwa. Wahariri waache kutupangia mafungu hayo. Nasi tunaokaa kwenye mabenchi ya kanisa tuna kazi yetu. Mgombea akisimama kanisani kwetu Jumapili kutuambia kwamba wale wa dini ya pili wanataka kutumeza, nitanyoosha mkono mbele ya padri nimwulize ni kata gani ya Waislamu aliyokwenda kuomba kura wiki hiyo, na huko aliwaambia nini kutuhusu sisi.