Iko Sawa, Bosi

Ukipeleka kompyuta kwa fundi, iwe Luthuli Avenue au kwa yule msee wa saiba pale steji, utarudishiwa na sentensi moja: "Iko sawa bosi, virusi imetoka." Unalipa mia tano, unashukuru. Kesho yake ukiiwasha, kijisanduku kinajitokeza kikilalamika kwamba faili fulani ya skripti haipatikani. Kivinjari kinakataa kuunganishwa. Kikikubali, ukurasa wa benki unakuja na onyo kwamba muunganisho si salama. Unampigia fundi. Anakujibu bila hata kuacha kutafuna: "Hayo ni maonyo tu. Bonyeza pale chini, endelea."

Nina ugomvi na sentensi hizo mbili. Ya kwanza ni uongo mdogo, tunaweza kuuvumilia kama tunavyovumilia "niko karibu kufika" ya mtu ambaye bado anaoga. Ya pili inaibia watu. Inasemwa kila siku, tena na watu tunaowaamini, kwa wateja ambao maisha yao yote siku hizi yako ndani ya kivinjari: HELB, KRA, eCitizen, akaunti ya kazi ya mtandaoni, barua pepe inayofungua hayo yote. Mwaka 2023 serikali ilitangaza zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen. Mwananchi ameambiwa ahamie huko. Hakuna aliyemwambia mlango unafungwaje.

Tuanze na uongo mdogo. Kirusi hakikai ndani ya kompyuta kama mawe kwenye mchele, kwamba ukiyachambua umemaliza. Kikiingia kinasogeza vitu, kinabadilisha mipangilio, kinaacha maagizo. Antivirusi inaua programu yenyewe. Yale iliyoyabadilisha mara nyingi yanabaki vile vile.

Chukua kile kirusi cha flashi ambacho kila aliyewahi kuprinti kazi ya chuo dakika za mwisho anakijua. Unachomeka flashi saibani, ukirudi nayo kwako folda zote zimegeuka njia za mkato. Nyuma yake mara nyingi kuna faili ya VBScript, yaani programu fupi ya maandishi, inayojinakili kwenye kila kifaa kinachochomekwa. Antivirusi ikiifuta, ile amri ya kuiita Windows inapowaka bado ipo. Kwa hivyo kila asubuhi Windows inaita jina la marehemu, kama mwalimu mwenye rejista ya zamani, na asipoitika mtu inalalamika. Kosa hilo halina madhara. Unaenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, au kwenye ratiba ya kazi za Windows, unaondoa huo mstari, basi. Lakini fundi wetu akiona kijisanduku hicho anakimbilia dawa yake ya kila ugonjwa: kufomati. Mafaili ya mteja, ambayo muda huo wote yalikuwa pale pale yamefichwa tu, yanaenda na maji. Sijui ni tasnifu ngapi zimezikwa hivyo, ila nimekaa na waliozililia.

Kivinjari kinachokataa kuunganishwa nacho kina sababu yake. Programu nyingi za matangazo hujiweka katikati. Zinabadilisha mpangilio wa proksi ili kila ukurasa unaofungua upitie kwanza kwenye anwani 127.0.0.1, yaani ndani ya kompyuta yako mwenyewe, ambapo programu hiyo inasikiliza na kupenyeza takataka zake. Antivirusi inaiua. Mpangilio unabaki. Sasa kivinjari kinabisha hodi kwa nyumba ambayo mwenyewe ameshakufa. Simu inaingia WhatsApp kwa WiFi ile ile, laptopu haifungui kitu, na fundi anatangaza kwamba kadi ya mtandao imeungua, lete elfu mbili. Zima proksi kwenye mipangilio ya Windows. Ni kazi ya sekunde kumi.

Kuna moja ambayo hunichekesha kila nikiiona. Mtu anafungua Chrome ya laptopu yake ya nyumbani, kule chini ya menyu anakuta imeandikwa kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lake. Shirika gani? Yeye mwenyewe hana kazi, kivinjari chake kimeajiriwa. Ukifungua chrome://policy utaona sera zilizowekwa, na kama hujawahi kufanya kazi na kampuni inayoweka sera kwenye mashine za wafanyakazi, mara nyingi hiyo ni alama ya programu hasidi iliyojipa cheo. Wakati mwingine ni antivirusi yako mwenyewe imeiweka, kwa hivyo soma kabla ya kufuta. Sera hizo ndizo zinazolazimisha injini ya utafutaji usiyoijua, na ndizo zinazorudisha kiendelezi kila ukikiondoa. Ukiwa umeingia kwa akaunti ya Google na usawazishaji umewashwa, kiendelezi kibovu kinaweza pia kurudi kutoka huko juu, hata baada ya kufomati. Hapo mteja anaambiwa mashine yake "ina virusi sugu," kana kwamba ni malaria.

Arifa nazo nitazitaja kwa haraka: hizo za kona ya skrini zinazodai kompyuta yako ina virusi 5 mara nyingi ni tovuti uliyoiruhusu siku moja kutuma arifa. Ondoa ruhusa. Hakuna kirusi hapo cha kutolewa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mtu asinitafutie digrii. Haya yote yako kwenye mipangilio ya mashine yako. Yanahitaji mtu anayesoma kabla ya kubonyeza.

Na wala si mambo ya mitaani kwetu peke yake. Novemba 2011 FBI ilitangaza kukamatwa kwa Waestonia sita waliokuwa nyuma ya DNSChanger, kirusi kilichoingia kwenye kompyuta takriban milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. DNS ndiyo daftari la simu la intaneti: inageuza jina la tovuti kuwa namba. Jamaa hao walielekeza kompyuta za watu kwenye daftari lao wenyewe, wakawa wanaamua nani aone nini. Polisi walipochukua seva hizo walikuta tatizo ambalo fundi wa steji angelitambua. Wakizizima, mamilioni ya watu watapoteza intaneti, maana kompyuta zao bado zinauliza njia kwa mwizi. Ikabidi mahakama iruhusu seva safi ziwekwe mahali pa zile chafu hadi tarehe 9 Julai 2012, ili watu wapate muda wa kurekebisha mipangilio. Wezi walikuwa ndani, genge limevunjwa, na bado kazi ya kusafisha ilichukua miezi minane. Halafu wewe unaniambia iko sawa ndani ya dakika ishirini.

Sasa ile sentensi ya pili, ya "bonyeza uendelee."

Tovuti ya benki inapojitambulisha kwa kivinjari, inaonyesha cheti. Ni kama barua ya chifu: inasema huyu ndiye yeye, na chini kuna muhuri. Ndani ya kompyuta yako kuna orodha ya machifu wanaoaminika. Muhuri ukiwa wa mtu asiye kwenye orodha, onyo linatokea. Programu hasidi mahiri haivunji utaratibu huu, inajiandikisha uchifu. Ikishaingiza cheti chake kwenye orodha, inaweza kukuandikia barua ya tovuti yoyote duniani, na kivinjari kikaitikia naam. Hutaona onyo lolote.

Mfano mbaya kuliko yote haukutoka kwa wahuni. Laptopu za Lenovo zilizouzwa mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015 zilikuja na programu ya matangazo iitwayo Superfish, ambayo iliweka cheti chake kwenye orodha hiyo. Ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa ule ule kwenye mashine zote, na Februari 2015 mtafiti Robert Graham aliupata pamoja na nenosiri lake. Watu wakakimbia kuiondoa Superfish. Programu ikaondoka, cheti kikabaki. Mtu alikuwa na mashine "safi," isiyo na tangazo hata moja, huku yeyote mwenye ufunguo ule akiweza kujifanya benki yake akiwa kwenye WiFi moja naye.

Kwa hivyo onyo likitokea baada ya kusafisha, huyo ni askari wa getini anayefanya kazi yake. Huenda kuna kitu bado kinasimama katikati. Huenda pia ni jambo dogo kabisa: angalia saa. Laptopu za mtumba zinazokuja na betri ndogo ya ubao iliyokufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila zikizimwa, na kwa kompyuta inayodhani ni 2015, vyeti vya leo havijazaliwa. Rekebisha tarehe na maonyo yanaisha. Fundi anayekwambia upite tu hajaangalia hata saa! Amekufundisha kumpuuza askari, na siku mwizi halisi atakapokuja utakuwa umeshazoea.

Tabia hii hatukuianzisha saibani. Kwa miaka mingi fomu ya Excel ya ritani za KRA imetaka mlipaji awashe makro ndipo ifanye kazi. Makro ni skripti ndogo ndani ya hati, na ni mlango wa zamani sana wa virusi. Melissa ilipitia hapo mwaka 1999. Hatari ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro moja kwa moja katika mafaili yaliyopakuliwa mtandaoni. Kila Juni, Wakenya wanaojaza fomu hiyo wanafundishwa kuondoa kizuizi, na wanaiga kwa kila faili inayofuata. Tukimlaumu mama wa duka kwa kubonyeza kila kitu, tukumbuke nani alikuwa mwalimu wake.

Nitamtetea fundi kidogo. Foleni ni ndefu, mteja hataki kulipa zaidi ya mia tano, na mashine anazoletewa nyingi ni Windows 7, ambayo Chrome iliiacha kwenye toleo la 109 mwanzoni mwa 2023. Kwenye mashine kama hiyo kurasa zingine hukataa kufunguka vizuri kwa sababu skripti zake ni mpya kuliko kivinjari. Si kosa lake. Lakini kushusha ulinzi, kuiambia antivirusi isiguse folda fulani kwa sababu ndimo ilimo kraki ya Office aliyoiweka mwenyewe, hiyo ni kosa lake. Kraki hizo ndizo zinazobeba wezi.

Na wezi wa sasa hawana matangazo wala kelele. RedLine, ambayo polisi wa Uholanzi pamoja na FBI waliivamia miundombinu yake Oktoba 2024, ilikuwa inaingia na kubeba manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi, zile faili ndogo zinazoiambia tovuti kwamba umeshaingia. Mwenye kidakuzi chako anaweza asihitaji nenosiri, wala ile namba inayotumwa kwa simu. Kwake yeye ni kama amekalia kiti chako ukiwa umeenda msalani. Ukifuta programu saa nne asubuhi, kidakuzi alichobeba saa tatu bado kinafanya kazi kwake. Kwa vijana wa rika langu wanaoishi kwa akaunti moja ya kuandika au kunakili sauti, akaunti iliyojengwa kwa miaka miwili ya alama nzuri, hiyo ndiyo kodi ya nyumba inayoondoka. Dawa ni kuingia kila akaunti kutoka kifaa kingine kilicho safi, uanze na barua pepe, uchague kutoka kwenye vifaa vyote, ndipo ubadilishe nenosiri. Hatua hii sijawahi kusikia fundi akimtajia mteja. Hata mara moja.

Ninachotaka ni risiti. Nyuma yake fundi aandike kwa kalamu: proksi ilikuwa imewashwa, nimezima, DNS nimeirudisha, viendelezi viwili nimeondoa, sera nimefuta, orodha ya vyeti nimeikagua, badilisha manenosiri leo, usitumie mashine hii. Akifanya hivyo, mia tano ni matusi. Mimi nitalipa elfu na mia tano, na nitampeleka mamangu kwake.