Mbwa Mkali ni Kazi ya Nani?

Ukipita katika mitaa mipya ya Ruiru, ambako jana palikuwa na mibuni na leo pana kuta, au ukifika Thika kandokando ya mto Chania, utasoma maneno mawili penye malango ya nyumba nyingi: MBWA KALI. Mwalimu wa lugha hapiti hapo bila ya kutamani chaki. Kiswahili sanifu chasema mbwa mkali, kama kisemavyo mtu mkali na simba mkali, kwa kuwa mbwa ni kiumbe chenye roho. Kali pasipo herufi ile moja ni sifa ya vitu: dawa kali, pombe kali, pilipili kali. Herufi imeanguka, na mbwa ameanguka pamoja nayo, kutoka katika jamii ya viumbe hadi katika jamii ya bidhaa. Nadhani aliyeandika kibao hakukusudia hayo, lakini amesema kweli bila ya kukusudia. Mbwa aliye nyuma ya lango lile amenunuliwa kama inunuliwavyo seng'enge, naye anatazamiwa kufanya kazi ya seng'enge.

Neno langu katika insha hii ni moja. Ukali wa mbwa wanaotisha watu mitaani mwetu ni kazi ya mikono ya wenye mbwa, wala si zawadi ya damu. Na mtu anunuaye damu ghali ili aepukane na taabu ya malezi amejidanganya mwenyewe, kisha amewahatarisha watoto wa jirani.

Najua nasema kinyume cha wengi. Wenye mbwa wakikutana, kwa kinyozi, katika matatu, au mbele ya duka la dawa za mifugo, hulinganisha mbwa wao kama wazee walinganishavyo ng'ombe. Mmoja husifu German Shepherd kuwa ana akili ya mtu. Mwingine huapa kwamba Rottweiler huzaliwa na hasira. Wa tatu hutaja Boerboel wa Afrika Kusini kwa sauti ya chini, kana kwamba ataja shetani. Wote watatu hupatana katika jambo moja tu, kwamba mbwa koko ni mwoga, mwizi na mchafu, wala hafunziki. Hoja yao hukomea kwenye methali: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni methali nzuri, lakini wahenga hawakuiacha itawale peke yake. Waliiwekea mpinzani: mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tuzipime basi methali hizi mbili kwa mbwa mwenyewe.

Mchukue huyo German Shepherd, maana ndiye atamaniwaye kuliko wote. Hakushuka kutoka mawinguni pamoja na hasira zake. Mwaka 1899 Max von Stephanitz, aliyekuwa kapteni wa askari wapanda farasi katika Ujerumani, alinunua mbwa mmoja wa kuchunga, akamwita Horand, akamwandika wa kwanza katika daftari la nasaba. Na kutokana na huyo na wenzake wachache ikajengwa aina nzima. Stephanitz alitaka mbwa wa kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda na kurudi kutwa mpakani mwa malisho, mbwa akiwa ua wenye miguu, ili kondoo wasiingie katika mazao ya watu. Kwa hiyo alichaguliwa kwa miguu isiyochoka, macho yasiyosinzia, na moyo wa kumsikiliza bwana wake.

Sasa mtazame mjukuu wake katika Ruiru. Asubuhi hufungiwa katika kibanda cha mabati ambamo hupiga hatua nne na kugeuka. Humo hushinda, jua likichoma bati, akisikia nyayo za watu asioweza kuwaona. Jioni hufunguliwa azunguke kiwanja kilichobaki baada ya nyumba na gari kuchukua fungu lao. Hajatembezwa njiani tangu anunuliwe. Hajui mtoto, hajui baiskeli, hajui mwanamke aliyebeba kuni. Watu awajuao ni wawili, bawabu amtupiaye ugali na bwana ampitaye kwa gari. Kisha siku moja lango laachwa wazi, mtoto wa shule apita mbio, na mbwa amdaka mguu. Hapo utasikia watu wakisema, "Ndivyo aina yake ilivyo." La! Hata mwanafunzi mpole wa darasa lenu, akifungiwa ghalani miaka mitatu na kufunguliwa siku ya soko, msitarajie awasalimu wazee kwa adabu.

Jambo hili limejaribiwa, na majaribio yake yafaa yajulikane na kila mwenye kilebu nyumbani. Katika mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, wataalamu watatu, Freedman, King na Elliot, walilea vilebu ndani ya viwanja vyenye ua mrefu, mbali na watu, wakatangaza matokeo mwaka 1961. Vilebu wengine walitolewa kwa juma moja wakachezewa na watu, kila kundi katika umri wake. Wengine hawakuguswa mpaka walipotimiza majuma 14. Hao wa mwisho walimkimbia binadamu kama amkimbiavyo mnyama wa mwitu. Tena hawakuwa wa aina ya kutisha: walikuwa Cocker Spaniel na Beagle, mbwa ambao huko Ulaya hulala miguuni pa watoto. Damu ya upole haikuwaokoa. Miezi mitatu ya kwanza ya kilebu ni kama miaka ya kwanza ya mtoto. Asiyeonyeshwa watu wakati huo atawaogopa baadaye, na mbwa mwenye hofu, akikosa njia ya kukimbilia, huuma.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha uchunguzi mkubwa zaidi. Wenye mbwa zaidi ya 18,000 waliulizwa juu ya tabia za mbwa wao, na mbwa 2,155 wakapimwa chembe zao za urithi. Ilionekana kuwa aina ya mbwa yaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa mmoja na mwingine. Tabia nyingine zilirithiwa zaidi, kama vile wepesi wa kufuata maagizo ya mtu. Lakini katika wepesi wa mbwa kukasirika anapotishwa au kuudhiwa, jina la aina halikueleza karibu neno lolote. Yaani lile hasa ambalo watu wa kwetu hulinunua kwa maelfu ya shilingi ndilo lisilouzika.

Mpinzani wangu hajakubali bado, nami simlaumu. Atasema, "Mwalimu, nenda ukaumwe na mbwa koko, kisha ukaumwe na Rottweiler, ndipo uje utuambie kuwa aina si kitu." Hoja yake ina uzito, na uzito wenyewe umo katika taya. Mbwa mkubwa akikosea hudhuru zaidi. Lakini hoja hiyo yanisaidia mimi kuliko yeye. Kama gari kubwa lataka dereva mwenye mafunzo zaidi, mbwa mkubwa naye ataka mlezi mwenye bidii zaidi. Na huko ndiko wanunuzi wetu wasikotaka kwenda. Hutafuta mbwa mkubwa ili wafanye kazi ndogo.

Sasa nije kwa mbwa koko, maana ndiye adhulumiwaye kuliko wote. Katika siku za ukoloni walowezi wa mashamba ya nchi hii walimwita mbwa wa mwananchi "shenzi", wakilikopa neno letu baya ili kumtukana mnyama wetu mwema. Twaona ajabu gani? Katika miaka ya 1930 Waingereza walichukua kutoka Kongo mbwa wadogo wa kuwindia, wasiobweka kama mbwa wengine, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, wakawapeleka kwao, na mwaka 1937 wakawaonyesha katika maonyesho ya Crufts, watu wakasongamana kuwatazama. Jina lao ni Basenji, jina la lugha za Kongo lenye udugu na hilo hilo neno letu, washenzi. Leo mbwa huyo ana cheti cha nasaba na bei kubwa katika Ulaya na Marekani. Hakubadilika kitu ila mtazamo wa mtu aliyeshika kamba yake. Nasi katika Thika twamwona mbwa wa kijijini, mwenye manyoya mafupi yafaayo jua letu, mwepesi, mwangalifu, mwenye kujua watu wote wa njia yake, twampiga jiwe. Kisha twamleta kilebu mwenye manyoya mazito ya nchi za baridi, twamweka chini ya bati.

Nina sababu nyingine ya kulisema jambo hili mbele yenu vijana, na sababu hiyo haihusu mbwa peke yao. Sikilizeni jinsi watu wanavyosema: "Wa aina hii ni wezi, wa aina ile ni wakali, wa aina ile nyingine hawana akili." Je, hamjapata kuisikia sentensi hiyo ikisemwa juu ya watu? Thika na Ruiru ni miji ya watu wa kila pembe ya Kenya, na kila mwaka wa uchaguzi sentensi hiyo hutembea mitaani usiku. Mbwa walau waliteuliwa na kupandishwa kwa makusudi vizazi na vizazi, na hata hivyo jina la aina lashindwa kututabiria tabia ya mmoja wao. Mtu aliyezoea kumhukumu mbwa kwa jina hilo hulegeza ulimi wake kwa hukumu iliyo mbaya zaidi, na yenye uongo zaidi.

Kusema hivi si kusema kwamba uzazi hauna maana. Una maana kubwa, lakini si pale watu wanapoitafuta. Hufuata cheti, na cheti huandika majina. Hakiandiki kama mama alikuwa mwoga wala kama baba alikuwa na maumivu ya nyonga, ugonjwa uwasumbuao sana German Shepherd. Wako wafugaji wema hapa kwetu, na chama cha East Africa Kennel Club kilichoko Nairobi huandikisha mbwa na kufanya maonyesho kwa kanuni. Lakini wako pia wale wampandishao jike kila apatapo joto, mara mbili kwa mwaka, mpaka mbavu zahesabika. Wampandishao ndugu kwa dada ili "damu isichafuke". Wachaguao dume kwa kuwa amewahi kuuma watu wawili. Tena humtoa kilebu kwa mama yake akiwa na majuma matano, kabla hajafundishwa na nduguze kwamba meno huumiza, na kumbe apaswa kukaa nao mpaka wa nane angalau. Kiburi cha namna hii si cha kwetu tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 katika Uingereza ulionyesha kuwa zaidi ya takataka nane katika kumi za mbwa wa aina ya Bulldog zilizaliwa kwa kupasuliwa mama, kwa sababu watu walipenda vichwa vikubwa kuliko walivyowapenda mbwa wenyewe. Basi muuzaji akikusifia kilebu, mwombe akuonyeshe mama. Mama akikupokea kwa utulivu, una habari iliyo bora kuliko cheti. Akikataa kumwonyesha, ondoka na fedha zako.

Kuhusu kumtunza mbwa mwili, wengi hudhani ni anasa ya matajiri. Humwogesha mbwa siku mnunuzi anapokuja, au hukumbuka kupe wakati masikio yamekwisha jaa. Wengine humwagia dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha kukisia, wakamtia sumu badala ya kumponya. Wengine humnyoa German Shepherd manyoya yote wakidai wamempunguzia joto, hali manyoya yale ya tabaka mbili humkinga na jua pia. Atakacho ni kuchanwa mara kwa mara, yale yaliyokufa yatoke, na kivuli, na maji. Lakini faida kubwa ya kitana si uzuri. Mbwa aliyezoea tangu udogoni kushikwa sikio, kuinuliwa mguu na kufunuliwa mdomo, amejifunza kwamba mkono wa binadamu si adui. Kitana hicho huuzwa kwa bei ndogo, na kazi yake hutaka dakika kumi za jioni. Hakuna mafunzo rahisi kuliko haya, na hakuna yanayopuuzwa kama haya.

Na kichaa cha mbwa hakiulizi nasaba. Kenya ilianza mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuwachanja mbwa walau 70 katika kila 100, wa ukutani na wa njiani pia. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Kwa hiyo ukiumwa, usipoteze wakati kubishana juu ya aina. Osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe chanjo; na mwenye mbwa akikutolea cheti cha nasaba, mwombe cha chanjo.