Wimbo Ulionunuliwa Usifungiwe Kufuli

Wahenga walisema kibaya chako si chema cha mwenzio. Maneno haya yalitujia akilini majuzi tulipomsikiliza baba mmoja wa Kibokoni, Mombasa, aliyekuwa akimwoza binti yake. Nduguye aliishi London miaka mingi, na huko, mnamo mwaka 2005, alinunua nyimbo karibu mia mbili katika duka moja la intaneti. Nyingi zilikuwa za Kiarabu na za Kihindi, zile ambazo wazee wa mji huu wakizisikia hutikisa vichwa na kuukumbuka ujana wao. Alizilipia moja moja kwa fedha yake ya halali, na aliporudi nyumbani alizileta zote katika diski ndogo, akampa kaka yake ziwe zawadi ya arusi.

Usiku wa kujaribu mitambo, nyimbo zote zilionekana. Majina ya waimbaji yalikuwapo, na urefu wa kila wimbo ulikuwapo. Lakini sauti hapana. Programu ya kwanza ya kuchezea muziki ilisema hailitambui faili hilo. Ya pili ikasema leseni haipo. Ya tatu ikataka kwanza kwenda kuomba ruhusa katika duka lililouza, na duka lenyewe limekwisha fungwa zamani. Hatimaye mama wa nyumba alifungua kabati, akatoa kaseti zake za taarab za tangu miaka ya 1970, akazitia katika redio, na shughuli ikaendelea.

Huenda msomaji akacheka. Sisi hatukucheka, kwani tuliona mtu aliyetoa fedha yake akanyimwa mali yake, na wala hakuna mwizi wa kumshitaki.

Yafaa tueleze jambo hili lilivyo, maana wengi hudhani ni ubovu wa kompyuta. Si ubovu. Ni kufuli iliyotiwa kwa makusudi. Duka linapouza wimbo wa namna hii, sauti iliyomo ndani ya faili huvurugwa kwa hesabu za siri, na ufunguo wa kuirudisha katika hali yake huwekwa mbali na wimbo wenyewe. Ufunguo huo ndio leseni. Hufungamanishwa na jina la mnunuzi, au na kompyuta moja aliyoiandikisha. Programu iliyokubaliwa na mwenye kufuli huutafuta ufunguo, na ikiupata, wimbo hulia. Programu nyingine, hata iwe bora namna gani, huliona faili kama mtu aonavyo sanduku lililofungwa: jina juu yake analisoma, kilichomo hakipati. Na ukiinakili diski nzima ukaipeleka katika kompyuta nyingine, umechukua masanduku ukaziacha funguo nyuma.

Mambo haya yalishika nguvu tangu Aprili 2003, kampuni ya Apple ya Marekani ilipofungua duka lake la nyimbo kwa bei ya senti 99 za Marekani kila wimbo. Kufuli yake iliitwa FairPlay. Wimbo uliweza kuchezwa katika kompyuta chache tu alizoziandikisha mnunuzi, kwanza tatu na baadaye tano, na katika chombo cha mkononi cha kampuni hiyo hiyo, iPod. Ukiwa na chombo cha kampuni nyingine, bahati yako mbaya.

Microsoft nayo ilikuwa na kufuli yake. Mwaka 2004 ilianza kuvitia vyombo na maduka alama ya PlaysForSure, yaani, hucheza kwa hakika. Watu waliiamini alama hiyo wakanunua. Basi Novemba 2006 Microsoft yenyewe ilitoa chombo chake kipya kiitwacho Zune, na chombo hicho hakikuweza kuzicheza nyimbo zenye kufuli ya alama ile ile! Kama mwenye kufuli haiheshimu kufuli yake mwenyewe, mnunuzi atamtegemea nani?

Kisha ukaja mwaka 2008. Mnamo Aprili, Microsoft iliwaarifu walionunua nyimbo katika duka lake la MSN Music kwamba baada ya tarehe 31 Agosti haitatoa tena ruhusa kwa kompyuta mpya. Maana yake, siku kompyuta yako itakapokufa, nyimbo zako nazo zimekufa. Watu walipiga kelele mpaka muda ukaongezwa hadi mwisho wa 2011. Mwaka huo huo Yahoo! ilitangaza kwamba mitambo yake ya leseni itazimwa tarehe 30 Septemba, na malalamiko yalipozidi ikakubali kuwafidia wateja. Walmart nayo ilitangaza kuzima, kisha ikarudi nyuma kwa sababu ya malalamiko. Tazama basi: kila mahali mnunuzi alipopata nafuu, aliipata kwa kupiga kelele.

Hata wenye makampuni walikuja kukiri kwamba njia ile haifai. Februari 2007, Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika barua ya wazi akizitaka kampuni za muziki ziziachie nyimbo ziuzwe bila kufuli. EMI ilikubali mwezi wa Aprili. Amazon ilifungua duka la nyimbo zisizo na kufuli Septemba mwaka huo. Na Januari 2009 Apple ilitangaza kwamba nyimbo zote dukani mwake zitauzwa wazi. Lakini aliyekwisha nunua zamani, kama alitaka wimbo wake ufunguliwe, alitakiwa kuongeza senti 30 kwa kila mmoja. Alilipa kununua, akalipa tena kufunguliwa.

Sasa ndugu zetu wanamuziki watatuuliza: Je, mwataka kazi zetu ziibwe? Hasha. Mji huu wajua machungu ya wizi huo kuliko miji mingi. Sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh zilienea pwani nzima, kutoka Lamu hadi Vanga, kwa kaseti. Maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa yaliuza kaseti hizo kwa halali, lakini palikuwa na wengine waliozinakili nyuma ya pazia wakauza bila kumpa mwimbaji hata ndururu. Mwimbaji ana haki ya jasho lake, na anayemwibia ni mwizi, awe amenakili kaseti au faili.

Lakini tuulize: kufuli hii imemzuia nani? Mwizi hakununua wimbo wenye kufuli. Aliuchukua mahali pengine, wazi, akaucheza katika chombo chochote akipendacho. Aliyefungiwa ni yule yule mwaminifu aliyetoa fedha. Hiyo ni sawa na mwenye duka kuona anaibiwa usiku, naye akawafunga pingu wateja wanaokuja mchana.

Kwetu mambo ya biashara si mageni. Kila mzee aliyekaa dukani Mwembe Tayari ajua kwamba kuuza ni kuuza na ijara ni ijara, na kwamba muuzaji hutakiwa aibainishe aibu ya bidhaa yake kabla mnunuzi hajafungua mfuko. Anayekodisha nyumba huandika kwamba akodisha, hamwambii mpangaji kuwa nyumba ni yake. Ubaya wa kufuli hizi ni kwamba kitufe kiliandikwa "nunua", ilhali kilichotolewa kilikuwa ruhusa ya kusikiliza kwa muda ambao mwenye duka mwenyewe ataupenda. Hiyo ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na jambo hili halikuisha na maduka yale ya 2008. Leo vijana wetu wengi husikiliza nyimbo kwa kulipa kila mwezi. Katika programu kama Spotify, wimbo unaoupakua simuni umefungwa vile vile. Hauchezeki katika programu nyingine, chombo kisipoingia katika intaneti walau mara moja kila siku 30 hukataa, na ukiacha kulipa, umekwenda. Hilo hatuliiti udanganyifu, kwani ni ijara na lajulikana kuwa ni ijara. Lakini kijana asijidanganye akadhani anaweka akiba. Baba yake alikuwa na kabati la kaseti. Yeye ana risiti ya kodi.

Basi twasema nini? Kwanza, serikali yetu na ilifanye neno "nunua" liwe na maana yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoilipia, na tunayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Jimbo la California, huko huko nyumbani kwa makampuni haya, limeweka sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za intaneti ambazo ni leseni tu, ila amweleze mteja waziwazi kwamba anapewa leseni. Kama wao wameona haja hiyo, sisi twangoja nini?

Pili, wale wanaozihamisha kaseti na santuri za taarab na kaswida zetu kuzitia katika kompyuta, kazi ambayo twawashukuru, wazihifadhi katika mafaili ya wazi yanayochezeka katika programu yoyote. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri zile zilichezeka katika gramafoni yoyote ya wakati wake, bila kuuliza nani ameitengeneza. Kaseti nayo, tangu Philips ilipoitoa mwaka 1963, ilikuwa na kipimo kimoja dunia nzima. Ndiyo maana sauti hizo zimetufikia. Urithi usitiwe katika sanduku ambalo ufunguo wake umo mkononi mwa mgeni.

Tatu, kwako wewe msomaji. Kama una nyimbo za zamani zenye kufuli, usiifute wala kuiuza kompyuta uliyozinunulia, kwani huenda ndiyo pekee yenye leseni. Maduka mengi ya wakati ule yaliruhusu wimbo kuandikwa katika sahani ya CD ya kawaida, na sahani hiyo huchezeka popote. Fanya hivyo mapema, kompyuta ingali hai. Kuivunja kufuli kwa hila hatukushauri, maana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yakataza. Na unaponunua leo, uliza kwanza: Je, faili hili lachezeka katika programu yoyote? Ukiambiwa la, basi jua unakodi, na utoe fedha ya kukodi.

Baba yule wa Kibokoni alipomuuliza nduguye habari za kompyuta ya London, aliambiwa ilitupwa zamani. Nyimbo zile karibu mia mbili zimo bado katika diski, majina yake yasomeka vizuri, na hakuna atakayezisikia. Kaseti za mkewe zimerudi kabatini, zikingoja arusi ya binti wa pili.