Trela lisilohimili chumvi ni hasara kwa mvuvi wa Pwani

MJADALA kuhusu uchumi wa baharini nchini umekuwa ukihusu zaidi boti, injini na nyavu. Tangu Nairobi ilipoandaa kongamano la kimataifa kuhusu uchumi huo mnamo Novemba 2018, wavuvi wa Pwani wamepewa ahadi tele. Mwaka 2020, Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 100 kwa mradi wa uvuvi na maendeleo ya jamii katika kaunti za Pwani.

Hata hivyo, kuna kifaa kimoja ambacho ni nadra kutajwa katika hotuba za viongozi, ilhali ndicho huamua iwapo boti itaingia majini au itasalia ufuoni. Kifaa hicho ni trela la kuibebea.

Mvuvi wa mtumbwi au hori hana haja nacho. Chombo chake hukokotwa mchangani kwa mikono, kikiteleza juu ya magogo. Lakini boti ya faiba yenye injini na sanduku la barafu si mzigo wa mabega ya watu wanne. Bahari nayo haimsubiri mtu. Wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Kenya huweza kuzidi mita 3. Anayechelewa kushusha chombo hukuta maji yamekwenda mbali, na hana budi kungoja yarudi. Kusi inapochafua bahari, boti ndogo hupandishwa nchi kavu, na trela husimama chini yake likipigwa na upepo wa chumvi.

Hapo ndipo hasara huanza, kwa kuwa si kila trela liliundwa kwa ajili ya bahari. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, nayo chumvi huharakisha kutu kwa kiwango ambacho maji matamu hayafikii. Trela linalotosha Kisumu au Naivasha halitoshi Kilifi wala Lamu. Aliyeezeka nyumba kwa mabati karibu na ufuo anaufahamu ukweli huu bila kufundishwa.

Trela la maji ya chumvi hutofautiana na la kawaida katika mambo yasiyoonekana kwa haraka. La kwanza ni kinga ya chuma. Rangi pekee haitoshi, maana mkwaruzo mmoja hufungulia kutu mlango. Kinachohitajika ni fremu nzima kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 450, baada ya kazi yote ya kuchomelea kukamilika. Zinki hiyo huliwa na chumvi kwanza, na kwa kufanya hivyo hukinga chuma kilicho chini yake. Fremu ya alumini pia hufaa, mradi isigusane moja kwa moja na bolti za chuma cha kawaida, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana katika maji ya chumvi, moja huiangamiza nyingine.

La pili ni umbo. Fremu ya mabomba yaliyo wazi ndani huingiza maji na mchanga, ikaoza kutoka ndani huku nje ikimetameta. Ndiyo maana waundaji wengi wa matrela ya bahari hupendelea vyuma vilivyo wazi, ambavyo maji hutiririka na kila upande waweza kukaguliwa.

La tatu, na lenye hatari kubwa zaidi, ni magurudumu. Trela linapokokotwa barabarani, beringi hupata joto. Likitumbukizwa majini papo hapo, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, nayo huvuta maji ya chumvi kupitia mipira ya kuziba iliyochakaa. Grisi huharibika, beringi hushika kutu, na safari chache baadaye gurudumu laweza kung'oka barabarani, boti ikiwa juu. Breki za ngoma nazo huhifadhi chumvi ndani yake hadi zikagandamana. Katika barabara kuu kama ile ya Mombasa kwenda Malindi, kasoro hiyo si hasara ya mvuvi pekee. Ni hatari kwa kila anayepita.

Inawezekana kusema kuwa dawa ni rahisi, yaani kuosha trela kwa maji matamu kila linapotoka baharini. Ushauri huo ni mwema, lakini hauzingatii hali halisi ya Pwani. Katika madiko mengi maji matamu hununuliwa kwa mitungi, na visima vilivyo karibu na ufuo mara nyingi hutoa maji yenye chumvichumvi. Ni vigumu kumtarajia mvuvi atumie maji ya kunywa ya jamaa yake kuoshea chuma. Kwa hivyo, kinga sharti iwe katika kifaa chenyewe kabla ya kuwa katika nidhamu ya mtumiaji, na mfereji wa maji uhesabiwe kuwa sehemu ya diko kama ulivyo mtambo wa barafu.

Lawama zisielekezwe kwa wavuvi wala kwa mafundi wa jua kali. Fundi hutengeneza alichoagizwa. Akiagizwa trela bila maelezo, atachukua mabomba ya mabati, atayakata na kuyachomelea, kisha apake rangi ya fedha penye viungo. Kazi itapendeza siku ya kukabidhiwa. Lakini moto wa kuchomelea umekwisha kuteketeza zinki mahali hapo hapo panapobeba uzito, na kutu itaanzia hapo.

Swali basi ni la anayeagiza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazitaka taasisi kueleza kwa uwazi na ukamilifu sifa za bidhaa zinazohitaji. Zabuni inayosema tu "boti pamoja na trela" haijaeleza lolote. Inapasa itaje unene wa zinki, aina ya bolti, breki na beringi, na kwamba kifaa kitatumika katika maji ya chumvi. Unene wa zinki hupimwa kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkononi, na mkaguzi aliye nacho hahadaiki kwa rangi ya fedha.

Si lazima kila diko lipewe trela la gharama kubwa. Boti isiyotoka katika ufuo wake haihitaji trela la barabarani. Inatosha kigari cha kusukumwa, chenye matairi mapana yasiyozama mchangani na ekseli inayozunguka katika bushi za plastiki ngumu. Hakina beringi za kuoza, breki za kugandamana wala nyaya za taa. Trela kamili libaki kwa boti zinazosafirishwa barabarani, zikiwemo za doria na za uokoaji, ambazo haziwezi kungoja mtu atafute nyundo ya kulegeza gurudumu lililoganda.

Bila shaka trela bora litaongeza bei ya zabuni, na maafisa wa fedha watanung'unika. Lakini boti iliyokwama juu ya trela bovu haivui samaki wala hailipi mkopo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa trela, ufa huo huanza kama doa dogo la rangi ya kahawia kwenye kiungo, na wakati wa kuuziba ni siku zabuni inapoandikwa, kabla boti haijagusa maji.