Kasi ya kompyuta haiondoi foleni

Matatu ya abiria 14 inapotoka Ruiru na kukaribia Thika jioni, nauli hulipwa kwa simu karibu kwa mpigo, zote zikielekea nambari moja ya tili. Ndani ya hifadhidata, salio moja linagombewa na malipo 14. Mawili yakisoma shilingi 1,000 kwa wakati mmoja, kila moja likaongeza 80 na kuandika 1,080, basi nauli ya abiria mmoja imepotea. Kufuli huzuia hilo: lipo moja liandike, mengine yangoje. Wapo wanaoamini kwamba data yote ikitoka kwenye diski na kukaa katika kumbukumbu ya kompyuta, tatizo limekwisha. Sikubaliani nao. Muamala unafupika, lakini ugomvi juu ya salio unabaki palepale.

Wala mashine kubwa zaidi si jibu. Mwaka 2014, watafiti Xiangyao Yu, Michael Stonebraker na wenzao waliiga prosesa yenye viini 1,024 wakapima mbinu saba za kudhibiti miamala inayoendeshwa kwa pamoja. Hakuna hata moja iliyomudu idadi hiyo ya viini. Naona busara ni kugawa akaunti katika mafungu, kila fungu na kiini chake, miamala ikipokezana bila kufuli. Ni kweli, malipo yanayovuka mafungu hukwama. Lakini tili haihitaji salio jipya kila sekunde: kila nauli iandikwe mstari wake, jumla ipigwe baadaye. Na umeme ukikatika? Rekodi ziandikwe diskini kwa mikupuo kabla abiria hajapata ujumbe wa kuthibitisha malipo.