Amana Iliyomo Ndani ya Kaseti



Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Thika, karibu na mto Chania, alitujia likizo iliyopita na mkoba mzito. Ndani yake mlikuwa na mashine kuukuu ya kurekodia sauti, skrubu ndani ya kikopo, vipande kadhaa asivyovijua, na kaseti moja. Kaseti hiyo ina sauti ya marehemu mama yake, aliyompelekea salamu mwanawe alipokwenda bara kuanza maisha ya ndoa. Fundi mmoja alikuwa ameifungua mashine, akashindwa kuirudisha. Dada alituuliza, "Nitupe au niweke?"

Tulimsihi asitupe hata skrubu moja. Kaseti za namna hii zilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na mashine nyingi za nyumbani zimefuata mpango ule ule. Ukiijua njia ya utepe, utakijua kila kipande na kazi yake.

Utepe hutoka kushoto kwenda kulia. Kwanza hukutana na kichwa kidogo cha kufutia, kwani maneno ya zamani hayana budi kuondoka kabla ya mapya kuingia. Katikati pana kichwa cha kurekodia na kusomea. Ni cha chuma king'aacho, na usoni pake pana ufa mwembamba kuliko unywele. Mwisho, upande wa kulia, pana kijiti cha chuma na kigurudumu cheusi cha mpira. Viwili hivyo huubana utepe na kuuvuta sentimita 4.76 kila sekunde. Chini, mafichoni, mkanda wa mpira huunganisha mota na gurudumu zito. Kile kilichomnata dada yetu vidoleni mithili ya lami kilikuwa mkanda huo, uliooza kwa umri. Kumbe maradhi ya mashine yalikuwa hayo tu.

Hata hivyo, kabla ya kumwita fundi mwingine, tuliigeuza kaseti tukautazama mgongo wake. Pembeni huwa na vijipande viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande wa kaseti. Kikivunjwa, kitufe cha kurekodia hakibonyezeki, na mkono wa mtoto hauwezi kufuta kitu. Katika kaseti ile vyote viwili vilikuwa vimevunjwa. Ni nani aliyevivunja, dada hajui; lakini yeyote aliyefanya hivyo alikusudia maneno yale yasipotee.

Mkanda mpya ulipotiwa, na vichwa kupanguswa kwa pamba yenye spiriti, mama alianza kusalimu. Dada yetu alijifunika uso kwa leso, nasi tukanyamaza.

Akina mama, fungueni makabati. Mkikuta kaseti ya mzee wenu, vunjeni vijipande vyake kwanza, kisha mtafuteni fundi na mumwonyeshe kipande kilichoharibika. Sauti ikisikika, inakilini kwenye simu na muwasikilizishe wajukuu. Wazee walituachia amana, na amana haitunzwi kwa kusahauliwa ndani ya sanduku.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia. Amin.